Wiki saba za mama ghorofani Upanga

Jumatano ya wiki ya tatu ya mionzi, mama aliketi kwenye ngazi. Bajaji ilikuwa imetushusha getini saa saba kasoro mchana, tukitoka hospitali ya saratani ya Ocean Road. Akapanda ngazi nane za mwanzo kama siku zote, mkono mmoja kwenye chuma, wa pili begani kwangu. Tulipofika kwenye kona akasema, "Ngoja kwanza, mwanangu," akajishusha taratibu mpaka sakafuni, akajifunika khanga magotini. Zilikuwa zimebaki ngazi ishirini na nne. Nazijua kwa sababu nilizihesabu mchana ule, nimesimama na mfuko wa dawa mkononi, na hapo ndipo nilipotambua kwamba katika maswali yote niliyouliza kabla ya kulipia ile apatimenti, la ngazi halikuwemo.

Naandika kisa hiki kirefu kwa sababu familia nyingi za mikoani zinapita njia hiyohiyo. Mgonjwa anapewa rufaa ya Dar es Salaam, matibabu ni ya wiki kadhaa, hakuna kulazwa, anatakiwa afike asubuhi na kurudi alikotoka. Ndugu aliyepo mjini anaishi Chanika au Kibamba, mbali na hospitali kwa saa mbili za foleni. Swali la mtalala wapi huja mwisho kabisa, likijibiwa kwa simu moja ndani ya basi. Sisi tulilijibu mapema kidogo, tukapatia mengine na kukosea mengine.

Mama ana miaka sitini na tatu, mkazi wa Lindi mjini. Alikutwa na saratani ya mlango wa kizazi, ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa nchi hii. Ratiba aliyopangiwa ilikuwa wiki moja ya vipimo na maandalizi, kisha siku 25 za mionzi ya nje, Jumatatu hadi Ijumaa, na dripu ya dawa mara moja kwa wiki, halafu mionzi ya ndani ya kumalizia. Jumla wiki saba. Tulifuatana watatu: mama, mama mdogo, na mimi niliyeomba likizo bila malipo.

Hesabu iliyotupeleka Upanga

Mjomba wa Chanika alituita kwake kwa moyo mweupe. Tulikataa kwa shida, na mpaka leo naona tulifanya sawa. Mtu anayepigwa mionzi ya nyonga anahitaji choo karibu, na njia ya Chanika hadi mjini haina choo. Mama hakuwa tayari kumwambia dereva wa daladala asimame.

Gesti tuliipigia hesabu. Vyumba viwili vya kuaminika maeneo ya karibu na katikati ya mji tulivipata kwa shilingi 40,000 kila kimoja, maana yake 80,000 kwa usiku, mara usiku 49: shilingi 3,920,000. Chakula cha kununua kwa watu watatu tukakikadiria 36,000 kwa siku, nacho kinafika 1,764,000. Apatimenti ya vyumba viwili vya kulala, Upanga, karibu na katikati ya mji, ilitangazwa kwa 90,000 kwa usiku. Nilipomwambia mwenye nyumba kwamba tunakaa wiki saba mfululizo, na kwamba ni mgonjwa, tukakubaliana 1,500,000 kwa mwezi wa kwanza na 50,000 kwa kila siku ya ziada. Siku 19 za ziada zikawa 950,000. Jumla 2,450,000, na amana ya 300,000 ya kurudishwa tukikabidhi ufunguo.

Ukijumlisha umeme, gesi, maji ya kunywa na chakula cha kupika wenyewe kwa 18,000 kwa siku, karatasi yangu ilionyesha tungeokoa zaidi ya milioni mbili. Karatasi haikujua habari ya wageni. Kwa siku nyingi chakula kilivuka makadirio, tukatumia 1,310,000 badala ya 882,000. Hata hivyo gharama yote ilisimama kwenye milioni nne na kidogo, dhidi ya karibu 5,700,000 za gesti na hotelini. Lakini kwa tulivyokuja kuona, hata kama hesabu zingelingana, ningechagua pale penye jiko.

Kuhusu namna tulivyoipata nyumba, nitasema jambo moja tu. Picha za kwenye simu hazitoshi, kwa kuwa picha ya sebule nzuri yeyote anaweza kuichukua kokote. Kabla ya kutuma senti, nilimwomba kijana anayetunza funguo anipigie simu ya video akiwa getini, aingie nayo mpaka jikoni, afungue bomba maji yatoke nikiona, awashe jiko, afungue friji. Alifanya yote bila kinyongo. Ngazi alizipanda akiwa ameielekeza kamera usoni kwake, tukisalimiana na kuongea, na mimi sikuziangalia. Alikuwa amesema ni ghorofa ya pili. Kwetu Lindi tunaanza kuhesabu kutoka chini, kwa hiyo nilijua ni kupanda mara moja tu. Yeye alikuwa anahesabu kama wanavyohesabu majengo yale: ya chini haihesabiwi. Tofauti ya maneno hayo mawili ilikuwa ngazi kumi na sita, na mama ndiye aliyezilipa.

Lifti haikuwepo, wala majengo ya namna ile hayakujengwa nayo. Upanga imejaa maghorofa ya chini chini, matatu au manne kwenda juu, kuta nene na vibaraza vidogo. Mengi yalijengwa na Wahindi kabla ya uhuru au muda mfupi baadaye. Mwaka 1971 sheria ya kutaifisha majengo iliyachukua yale ya kupangisha yaliyozidi thamani ya shilingi 100,000, yakawa mali ya umma, na wapangaji wakaendelea kuishi humo wakilipa kwa Msajili wa Majumba, na baadaye kwa Shirika la Nyumba la Taifa. Ndiyo maana kwenye jengo moja utakuta bibi aliyeolewa ndani ya nyumba ileile na sasa ana vitukuu, na mlango wa pili yake ni apatimenti ya wageni wa wiki mbili. Watu wa aina hizi mbili hawaitazami ngazi kwa jicho moja. Kwa mgeni ni njia ya kupita, na kwa yule bibi ni sehemu ya nyumba yake.

Jikoni

Siku ya kwanza gesi iliisha chai haijachemka. Tulikabidhiwa mtungi wa kilo 15, tukaambiwa umejaa nusu. Nimejifunza kwamba uzito wa mtungi mtupu huwa umeandikwa kwenye mtungi wenyewe, na mwenye duka la gesi pale mtaani ana mizani. Ukipima na kutoa, unajua kilichomo. Tulijaza kwa 56,000 na ukatufikisha mwisho, kwa kuwa tuliamua chochote cha kuchemka muda mrefu kiende kwenye gesi. Jiko la umeme lilikuwepo, lile la koili, lakini sahani yake ya wati 1,500 ikikaa saa mbili chini ya sufuria ya maharage imekula uniti tatu. Uniti moja ilitutoka kama shilingi 356 ukiweka kodi na tozo. Sufuria moja ya maharage, zaidi ya elfu moja ya umeme tu.

Kabatini mlikuwa na vikaangio vinne visivyogandisha chakula, glasi za kila umbo, kifaa cha kutengenezea mikate ya kubanika. Mwiko haukuwepo. Kinu hakikuwepo, wala mbuzi ya kukunia nazi, wala sufuria yenye kifuniko ya kutosha wali wa watu watatu. Vyombo vile vilinunuliwa na mtu aliyemfikiria mgeni anayekaanga yai asubuhi na kutoka kula nje. Mama mdogo alivitazama, akafunga kabati, akaniambia, "Twende sokoni." Kariakoo tulinunua seti ya sufuria za alumini na mwiko. Nazi tulikunisha kwa mashine soko la Kisutu, ambako kwa miguu ni mwendo mfupi tu. Kinu mama mdogo alikipata kwa kuazima, na hicho nitakirudia.

Wiki mbili za mwanzo jiko lilikuwa la kawaida. Mama alikula vya kwao: ugali, mbaazi za nazi, kisamvu, samaki. Samaki tulinunua soko la Feri, ambako ni karibu na Ocean Road kiasi kwamba nilikuwa namwacha mama kwenye benchi na mama mdogo, naenda, vijana wananiparia changu wawili, narudi kabla hajaitwa. Wakati huo ningeweza kusema kuwa jiko ni njia ya kubana matumizi.

Wiki ya tatu tumbo lilianza kuharisha. Mionzi ya sehemu ile ya mwili hugusa na utumbo, na wauguzi walikuwa wametuonya mapema. Walituambia tupunguze kwa muda vile vyenye makapi mengi: kunde, mbaazi, majani, matunda yenye maganda, na pilipili tuiache kabisa. Tumpe wali mweupe, viazi vya kuchemsha, ndizi mbivu, uji wa mchele, samaki wa kuchemsha, na maji mengi, kidogo kidogo, mara nyingi. Hayo maneno mawili, kidogo kidogo na mara nyingi, ndiyo yaliyonifanya nishukuru kwamba hatukuwa gesti. Mama alishindwa kula saa saba mchana kwa kuwa ni saa ya kula. Hamu ilimjia saa kumi usiku. Alikuwa anaamka, anakwenda chooni, akirudi anakaa ukingoni mwa kitanda na kusema kwa sauti ndogo, kama anayeona haya, "Naona ningeweza uji." Mama mdogo alikuwa ameshaamka. Unga wa mchele ulikuwa kwenye kopo, maji kwenye chupa ya moto, na ndani ya dakika kumi mama alikuwa ana kikombe mkononi. Anakunywa nusu. Nusu ya pili saa kumi na mbili.

Gesti gani ingetufungulia jiko saa kumi usiku kwa nusu kikombe? Nimeshaona wagonjwa kwenye mabenchi pale hospitali wakila chipsi saa tano asubuhi kwa kuwa ndicho kilichopatikana njiani, na wengine hawali chochote mpaka jioni. Mama alipungua kilo mbili tu kwa wiki zote saba. Mzani ule ulinifanya nisahau kila kero ya nyumba.

Maji, na wageni kumi na wanne

Luku, yaani umeme wa kulipia kabla, tulinunua wenyewe. Mara ya kwanza niliweka 20,000 nikapata uniti pungufu ya nilizotarajia, nikadhani mita ni mbovu. Haikuwa mbovu. Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye luku, na mwezi ule ilikuwa haijakatwa, kwa hiyo aliyenunua wa kwanza ndiye aliyeilipa. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo. Nilimtumia picha ya risiti, akakubali kurudisha. Kwa wiki saba tulitumia kama 160,000, nyingi zikiwa za kiyoyozi cha chumba cha mama na hita ya maji.

Maji yalikuwa na hadithi ndefu zaidi. Jengo lina nyumba nane na simtanki moja la lita 5,000 juu, linalojazwa kwa pampu kutoka kisima cha chini ambacho DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, inakijaza siku za zamu. Umeme ukikatika pampu imelala. Gawanya lita hizo kwa nyumba nane, kila nyumba ina lita 625. Kwa watu watatu wanaojua kuoga kwa ndoo zinatosha.

Jumapili ya pili walikuja wageni kumi na wanne. Walitoka Mbagala, Chamazi, Gongo la Mboto, wawili walikuja na basi kutoka Kilwa. Ndugu wa mama, ndugu wa marehemu baba, jirani yetu wa zamani na mabinti zake. Kila mmoja na kitu mkononi: maembe, mchele, shilingi elfu kumi iliyokunjwa ndani ya khanga. Viatu vilijaa mlangoni mpaka kwenye ngazi. Mama alifurahi kuliko siku yoyote ya safari ile. Alikaa kwenye kochi, ameegemea mto, akauliza habari za kila mtoto kwa jina. Wanne walilala.

Jumatatu asubuhi kijana wa funguo akanitumia ujumbe: "Dada, samahani, mkataba unasema watu wanne. Wenye jengo wanalalamika." Nilikasirika. Nilimjibu kwa ukali, nikamwambia kwamba mgonjwa hajulikani na mkataba. Mama aliposikia aliumia zaidi yangu. "Kwetu mgonjwa hafungiwi mlango," akasema, na akakaa kimya mpaka tulipoondoka kwenda hospitali.

Baadaye nilipotulia nilikwenda kumuuliza mlinzi, mzee wa makamo ya baba yangu, hasa kilicholalamikiwa ni nini. Si kelele. Si viatu. Ilikuwa maji. Choo cha zamani kama kile humwaga lita tisa kila kinapovutwa, na watu kumi na wanne kwa mchana mmoja, pamoja na kupika na kuosha vyombo na kutawadha, walikuwa wamekausha tangi kabla ya magharibi. Umeme ulikatika jioni, pampu haikupandisha. Nyumba saba zililala bila maji, mojawapo ikiwa na mtoto mchanga.

Hapo ndipo naona kisa chetu kina somo kwa mtu anayepanga kama sisi. Gesti au hoteli ina mapokezi. Mgeni akizidi, maji yakiisha, mtu akipiga kelele, kuna mtu wa kulaumiwa anayelipwa kwa kazi hiyo, na wewe huwajui waliokosa maji. Kwenye apatimenti ya mtaani hakuna mtu huyo. Kijana wa funguo anaishi Tandale na ana nyumba nyingine sita za kushughulikia. Mwenye nyumba yuko nje ya nchi. Sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za jengo inawataka wenye nyumba kwenye jengo moja wawe na chama cha kusimamia ngazi, tangi, paa na uwanja, na taratibu za chama humbana hata mpangaji wa siku mbili. Lakini taratibu hizo hakuna aliyetuonyesha. Aliyepaswa kujua kwamba tangi ni la lita 5,000 kwa nyumba nane ni mimi, na nilipaswa kuuliza siku ya kwanza.

Tulichofanya ni hiki. Kwenye kundi la ukoo la WhatsApp nilieleza hali ya maji bila kuficha, nikaomba wanaokuja wapangane, wasizidi watano kwa siku, wafike baada ya swala ya alasiri, na wa kulala awe mmoja. Shangazi mmoja alinuna. Mama mwenyewe ndiye aliyempigia na kumweleza, kwa maneno ambayo mimi nisingeyapata: "Njoo, lakini na jirani yangu naye apate maji ya kumwogeshea mwanawe." Na pale uwanjani, chini ya mwarobaini, mlinzi alituruhusu kutandika mkeka. Siku ambazo mama aliweza kushuka, wageni walimkuta huko.

Korosho

Nimeruka jambo lililotangulia hayo yote. Siku ya pili baada ya kufika, kabla hata ya kufungua mabegi vizuri, mama alitoa korosho alizokuja nazo, akazifunga kwenye vifuko saba vya nailoni. Akavaa baibui, akaniambia tushuke. Alitaka kupiga hodi kila mlango.

Nilimzuia. Nilimwambia huu ni mji, watu wana shughuli, na sisi ni wapita njia wa wiki saba. Aliniangalia kwa mshangao wa kweli. "Nitalala juu ya vichwa vya watu wiki saba wasinijue?" Tukashuka. Milango miwili haikufunguliwa. Mmoja alifungua msichana wa kazi akasema wenyewe hawapo. Ghorofa ya kwanza, moja kwa moja chini yetu, alikuwa mama mwenye mtoto mchanga. Na nyumba ya chini karibu na geti, bibi mmoja wa Kihindi aliyezaliwa Upanga na kuolewa Upanga, anayezungumza Kiswahili cha Dar kuliko mimi. Mama alimpa shikamoo kwa kudhani ni mkubwa wake. Bibi akaitikia marahaba, kisha wakaulizana miaka, wakakuta wamepishana mitatu, wakacheka wakashikana mikono.

Kinu kilitoka kwake, pamoja na mbuzi ya nazi aliyosema haijatumika tangu mwanawe ahamie Canada. Na ni kinu hicho kilichotuletea lawama ya kwanza, wiki hiyohiyo, mama mdogo alipotwanga kisamvu baada ya swala ya alfajiri. Sakafu ya zege hupeleka mtwango moja kwa moja mpaka kwenye dari ya aliye chini. Yule mama wa mtoto mchanga alipanda saa moja asubuhi, macho mekundu. Hakugomba. Alisimama mlangoni akasema, "Dada zangu, korosho zilikuwa tamu sana, lakini huyu mtoto ndiyo kwanza alikuwa amelala." Mama mdogo alitaka sakafu ipasuke imfiche. Kuanzia hapo kinu kilishuka uwanjani, saa nne na kuendelea, na baadaye tukaanza kununua kisamvu kilichotwangwa tayari sokoni.

Najiuliza mama yule angesema nini kama tusingekuwa tumemgongea mlango. Pengine asingesema kwetu kabisa. Angempigia mwenyekiti wa jengo, naye angempigia kijana wa funguo, na sisi tungepata ujumbe mwingine wa "wenye jengo wanalalamika," bila kujua ni nani, wala kwa nini.

Kiti

Turudi pale kwenye ngazi. Nilikuwa nimesimama pale na mfuko wa dawa nikifikiri kumbeba mama, jambo ambalo asingelikubali, wakati bibi wa chini alipofungua mlango wake. Alikuwa ametusikia tukiingia na hakusikia mlango wetu ukifungwa. Hiyo ndiyo faida ya mtu aliyezoea sauti za ngazi zake miaka yote. Alitazama mara moja, akarudi ndani, akatoka na kiti cha plastiki chenye mikono.

"Asipande," akaniambia. "Aje kwangu alale, jua likipungua ndiyo apande."

Mama alilala kwenye kochi la bibi hadi saa kumi. Mlinzi na kijana wa duka la gesi wakambeba juu akiwa ameketi kwenye kile kiti, mmoja mbele, mmoja nyuma, polepole, mama mdogo akiwaongoza kwenye kona. Mama alifunika uso kwa khanga njia nzima. Alipowekwa chini mlangoni kwetu aliwashukuru kwa majina, maana alikuwa ameyajua tangu wiki ya kwanza.

Usiku ule nilimpigia mwenye nyumba, nikamuuliza kama ana nyumba nyingine ya chini. Alikuwa nayo moja, Kinondoni, chumba kimoja, kwa bei ileile. Nilikuwa tayari kuhama kesho yake. Mama akakataa. Alisema huko atapata sakafu na kumkosa huyu bibi, na kwamba ngazi ni mara moja kwa siku. Nilibishana naye kwa sababu kama mwuguzaji niliona hatari ya kuanguka, na bado naamini kwamba kwa mgonjwa wa wiki nyingi nyumba ya chini ni sharti la kwanza, kabla ya kiyoyozi, kabla ya mandhari, kabla hata ya bei. Anayenisoma akiwa kwenye hatua ya kutafuta, na aulize hivi hasa: kutoka getini mpaka mlangoni ni ngazi ngapi? Asiulize ghorofa ya ngapi.

Tulibaki. Kiti kiliwekwa kwenye kona ya ngazi ya kwanza kuanzia Alhamisi, na cha pili, cha kwetu, kwenye kona ya juu. Mama akipanda nane anakaa. Akipanda nane nyingine anasimama ameegemea ukuta mlangoni kwa mama wa mtoto mchanga, ambaye mara nyingi alifungua na kumpa maji. Nane, anakaa. Nane za mwisho. Siku za dripu, ambazo hakuweza kabisa, alilala kwa bibi mpaka jioni. Hakuna mpangaji wa jengo lile aliyelalamika kwamba viti vimeziba njia.

Tulikabidhi ufunguo Jumamosi. Kijana wa funguo alikagua vyombo kimoja kimoja, akakuta kikaangio kimeungua, akakata 15,000 kwenye amana, haki yake. Kodi ya jengo niliyolipia mwenye nyumba alikuwa ameshairudisha. Sufuria zetu na mwiko tuliviacha kabatini kwa atakayefuata. Mita ilionyesha uniti kumi na moja zimebaki. Bajaji ilisubiri getini dakika arobaini, kwa sababu mama alikuwa anapita mlango kwa mlango kuaga, akianzia juu, na safari hii milango yote ilifunguka isipokuwa mmoja.

Nilipokwenda kuchukua kiti cha kwenye kona ya kwanza nimrudishie bibi, alinishika mkono. Alikuwa ameshauliza tarehe ya kliniki ya marudio, wiki sita mbele.

"Kiache palepale," akasema.